Nililamba Ubao

Fundi Ndahani alikuja na dumu la oili chafu,
nyeusi kama usiku wa mgao,
ya bure, kutoka gereji ya stendi ya Kibaigwa.
"Mchwa wakiinusa hii," akasema, "wanahama kata."
Nikamwambia weka chini, fundi, chini kabisa,
mbali na ndoo ya maji.

Kwa sababu namjua Kishungi.
Kishungi hadonoi punje tu:
hudonoa kichwa cha msumari, chokaa ya ukuta,
kifungo cha gauni langu nikiinama.
Ubao kwake ni chakula ambacho hakijaiva.
Na miguu yake haivai kandambili.
Atasimama juu ya kichanja usiku kucha,
ameing'ang'ania ile oili kwa kucha zake,
na asubuhi mimi nitakaanga yai.

Nikaenda dukani kwa Chilewa.
Kopo la kijani, kopo la kahawia,
kopo lenye picha ya nyumba ambayo huku haipo.
"Hii ndiyo dawa ya mbao, mama. Inaua kila kitu."
"Kila kitu?"
"Kila kitu."
"Na kuku?"
Akageuza kopo, akasoma maandishi madogo
kwa midomo, bila sauti,
kisha akalirudisha kwenye rafu,
sura yake ikiangalia ukuta.
Nilimheshimu kwa hilo.

Jirani yangu Mbeleje anakamua alizeti.
Chini ya mashine yake hubaki mafuta mazito, yenye mashapo,
ambayo hakuna anayeyapeleka sokoni.
Alinipa chupa tatu kwa mayai ya mwezi ujao,
mayai ambayo kuku wenyewe hawajayafikiria.
Nta nilikuwa nayo, donge la ukubwa wa ngumi,
shemeji alilileta kutoka Itigi,
likakaa kabatini miaka miwili likisubiri kazi.
Nikaliyeyusha, sufuria ndani ya sufuria,
moto mdogo, mlango wazi.
Nta ikikasirika inachoma nyumba.

Rangi? Mjukuu wangu Nyemo alitaka bluu.
Nikampa chekeche na kopo la maziwa:
nenda korongoni, chota ule udongo mwekundu,
uchekeche mpaka ulainike kama poda ya mtoto.
Alirudi mwekundu yeye, kopo nusu.

Tukapaka kwa tambara la kanga iliyokwisha maneno.
Ubao ukanywa. Ukanywa tena.
Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma,
kama mtu aliyekosea msiba.
"Na mchwa?"
Mchwa, fundi, ndio kazi yako.
Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo,
kila kopo lijae majivu,
na majivu yakilowa niite nikulipe tena.
Akacheka. Akaenda kutafuta makopo.

Aliporudi alinikuta nimeinama, ulimi nje.
Ndiyo, nililamba. Pale pale kwenye kichanja
atakapolala Kishungi.
Ladha ya karanga iliyoungua kidogo,
ladha ya asali iliyoondoka zamani,
na mchanga kwenye meno.
Nilikaa kwenye kigoda nikajisikiliza
mpaka adhana ya magharibi.
Tumbo halikusema kitu.

Lakini alizeti haina haraka ya kukauka.
Leo siku ya tisa kuku wanalala jikoni,
wananya kwenye mafiga,
na upepo wa Julai, huu wetu usiobisha hodi,
umebeba vumbi la kata nzima
ukalibandika kwenye banda langu bichi.
Ule wekundu niliouchagua umekwenda.
Banda limekuwa rangi ya barabara,
rangi ya mbuzi wa Mbeleje, rangi ya kila paa.
Nyemo amesimama mlangoni, amenuna.
Anasema hata halionekani.

Juu yetu mwewe anazunguka.
Anazunguka tena.